Miwani ya Fundi Pindo

Chapuchapu hakupewa jina hilo na mama yake. Alipewa na wateja, kwa kuwa mikono yake haikujua kungoja: ukimwachia fremu iliyolegea ukageuka kutazama mtaani, ukirudi unakuta keshakaza skrubu na anaipangusa kwa kitambaa. Dada yake mkubwa, mwenye duka la miwani, alikuwa kinyume chake kabisa. Huyo walimwita Bi Darubini, maana alitazama kitu kimoja mara tatu na bado akakitilia shaka. Ndugu hao wawili walifanya kazi meza moja kwa miaka kumi na mmoja, huyu akikimbia na yule akimshika shati, na duka likaenda vizuri tu.

Somo la kwanza ambalo Bi Darubini alimfundisha mdogo wake lilikuwa fupi: "Kulia ni kwa mvaaji, si kwako." Miwani ikilazwa mezani ikakutazama, mkono wako wa kulia unaangukia jicho la kushoto la mwenyewe. Ndiyo maana fundi huilaza fremu namna moja tu maisha yake yote, vikono vyake vikimwelekea yeye kana kwamba anataka kuivaa, na lenzi ya kulia huitia tone la wino mwekundu kabla ya kuipachika. Fundi anayebadilisha ulalo wa fremu ni sawa na mpishi anayehamisha kopo la chumvi na la sukari. Siku atakayosahau, chai itamkumbusha.

Sasa, kulikuwa na mshonaji mmoja barabara ya pili, mzee wa miaka sitini na ushei, aliyeitwa Fundi Pindo. Suruali aliyoipinda yeye ungeigeuza nje ndani usione uzi ulikopita. Macho yake hayakuwa pacha: la kulia lilikuwa dhaifu sana, la kushoto lilihitaji msaada kidogo tu, kwa hiyo lenzi zake zilitofautiana nguvu, ingawa kwa kuzitazama hivi hivi ungesema ni mtu na ndugu yake. Tena alichagua fremu ya mviringo. Hapo ndipo shetani alipopata kiti, kwa sababu fremu ya mviringo hupokea lenzi yoyote upande wowote bila kulalamika.

Alipoivaa wiki moja alirudi dukani, akasema kichwa kinamuuma na sindano anaiona mbili. Chapuchapu alikuwa na fremu ya mtu mwingine mkononi. Akamjibu lile jibu ambalo mafundi wa miwani wanalo mdomoni muda wote: "Mpya hiyo, mzee wangu. Utazoea." Baada ya wiki mbili alirudi tena. "Utazoea tu, mzee." Mara ya tatu, Jumatano moja mchana, hakuja kulalamika.

"Shikamoo, mzee," alisema Chapuchapu.

"Marahaba, mwanangu. Nimewaletea hii." Aliiweka miwani juu ya kaunta, ndani ya kibweta chake, safi kama siku aliyoichukua. "Mna lile boksi lenu la wasio na uwezo. Haikosi mtu itakayemfaa."

"Na wewe je?"

"Mimi macho yamekwisha. Nimeharibu suruali nne, na gauni la bibi harusi nimelipandisha upande mmoja mpaka mama mtu akalia dukani kwangu, watu wakishuhudia. Jumamosi namkabidhi mpwa wangu cherehani." Alitabasamu kidogo. "Miaka arobaini si haba. Ahsante kwa kunivumilia."

Akatoka, akitafuta ngazi kwa ncha ya kiatu. Chapuchapu alimwonea huruma, huruma ile nyepesi tunayowaonea wazee, kisha akashika kazi yake. Miwani yoyote iliyoingia kwenye boksi lile ilipaswa kupimwa kwanza na kuandikiwa kikaratasi. Akaiweka kwenye mashine ya kupimia lenzi, akasoma upande wa kulia. Akasoma wa kushoto. Akafungua jalada la mzee, akatazama karatasi ya daktari. Mara hiyo, kwa mara ya kwanza pengine katika maisha yake, alitazama kitu mara tatu.

Lenzi ya jicho la kulia ilikuwa kushoto, na ya kushoto ilikuwa kulia.

Aliikumbuka siku yenyewe. Balbu ya upande wake ilikuwa imeungua, akavuta kiti akakaa ng'ambo ya meza, lakini kitambaa cha kulazia fremu, na fremu yenyewe juu yake, alikiacha pale pale kilipo. Fremu haikusogea hata kidogo. Aliyesogea ni yeye. Tone la wino alilitia, akaliona, akalipeleka upande wa mkono wake wa kulia, akashukuru kwamba kazi imekwisha mapema.

Alichukua bisibisi ndogo. Lenzi zilikuwa zimekwisha toka zote mbili wakati dada yake, aliyekuwa kwenye mashine ya kusagia lenzi katika chumba cha nyuma, aliposimama mlangoni akifuta mikono.

"Hiyo ni ya nani?"

Angeweza kudanganya, na tuseme ukweli, uongo ulimfika kwenye meno. Lakini huwezi kumdanganya mtu aliyekufundisha kazi. Akaeleza yote. Kisha, kabla dada hajajibu, akaeleza na dawa aliyoipata: "Nazibadilisha sasa hivi. Jioni nampelekea, namwambia nimerekebisha kidogo, ajaribu tena. Ataona, atashona, atafurahi. Nani ataumia hapo, dada?"

Lilikuwa swali zuri, na mimi ninayesimulia ningeulizwa papo kwa papo ningesema hakuna. Bi Darubini hakukurupuka.

"Alikuja mara ngapi kulalamika?"

"Mara mbili."

"Ukamwambia nini?"

Chapuchapu akatazama bisibisi. "Utazoea."

Dada yake akavuta kiti, akakaa. "Na mimi nilikuwa huko nyuma, nikasikia, nikaendelea kusaga. Basi tumekosea wawili. Ukimbadilishia kimyakimya, atajua kwamba anaona. Hatajua kwamba macho yake hayakuwa na neno. Kila asubuhi ataamka akiogopa kuwa yamezima tena. Na zile suruali nne zitabaki makosa yake, na lile gauni pia. Macho utamrudishia. Jina lake atarudishiwa na nani?"

"Na jina letu je? Watu wakisikia duka la miwani halijui kulia na kushoto?"

"Watacheka," alisema Bi Darubini. "Zipachike. Mimi natazama."

Akazipachika, dada akitazama mara tatu kila upande. Kisha dada akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya homa: saa tisa mchana, akiwa na wateja wawili kwenye benchi, aliwaomba radhi, akageuza kibao cha "Tumefunga", akavua aproni. Njia nzima ya kwenda kwa mshonaji Chapuchapu alikuwa akiomba kimoyomoyo wamkute mzee peke yake. Dua hiyo haikupokelewa. Chumba cha Fundi Pindo kilikuwa kimejaa, kwa sababu habari za Jumamosi zilikuwa zimeenea na kila mtu amekimbilia nguo yake. Mzee alikuwa katikati akigawa mafurushi, akiyaleta karibu na pua ili asome majina. Kwenye meza ya kukatia, mgongo akiwa amewapa watu wote, alisimama Mama Mkasi. Mama huyo alikuwa amemkatia mzee vitambaa miaka kumi na tisa, na mtaa mzima ulijua kwamba mwezi wa pili huu hawasemezani, ila waliojua sababu hawakuitaja.

"Tumwite nje," alinong'ona Chapuchapu.

"Aliaibika humu ndani. Kwa nini tukamsafishe nje?"

Chapuchapu alimtazama dada yake aliyevaa kandambili za kazini, mwenye vumbi la lenzi kwenye nyusi, na moyo wake ukajaa. Alikuwa amekaa naye meza moja miaka yote hiyo akidhani ule polepole wake ni woga. Kumbe mwoga alikuwa yeye mwenye haraka.

"Fundi," alisema Bi Darubini, kwa sauti ya kawaida lakini ya kufika mlangoni, "macho yako ni mazima. Miwani yetu ndiyo mbovu. Duka langu lilikupachikia lenzi kinyume, ya kulia kushoto. Ukaja kutuambia mara mbili, hatukukusikiliza. Nguo zilizoharibika humu tumeziharibu sisi."

Mtu mmoja akacheka, akaona yuko peke yake, akaacha.

"Si duka," alisema Chapuchapu. Akapita mbele ya dada yake. "Ni mimi, mzee. Nilizipachika mimi, na mimi ndiye niliyekuambia utazoea. Nisamehe."

Fundi Pindo aliipokea miwani, akaivaa, akachukua sindano iliyochomekwa kwenye ukosi wa shati lake, akakata uzi kwa meno, akautia tunduni. Uliingia mara ya kwanza. Akauvuta nje, akautia tena. Akavua miwani, akaipangusa, akapangusa na macho, akaivaa. Watu walidhani sasa atawageukia wale ndugu wawili awapashe, na haki alikuwa nayo. Akageukia meza ya kukatia.

"Mama."

Mkasi uliendelea kula kitambaa.

"Ile suruali ya kwanza nilisema umeikata upogo. Nilisema umezeeka mkono. Nilisema mbele ya watu. Nawaombeni ninyi nyote mlionisikia siku ile mnisikie na leo. Haikukatwa upogo. Nakuomba radhi."

Mama Mkasi alikata mpaka mwisho wa mstari wa chaki. Ndipo akaweka mkasi chini, akageuka, na machozi yalikuwa yamemfika kidevuni.

"Nilikuwa nimeanza kuamini," alisema. "Nyumbani napima mara tano, nalala nikiutazama mkono huu."

"Najua."

"Hujui." Akajifuta kwa kipande cha bitana. "Lete hilo gauni tulifumue. Bibi harusi hana la kuvaa."

Chapuchapu alibaki amesimama pale kama aliyesahau njia ya nyumbani. Hakuwa amejua hata kidogo kwamba mama huyo yumo ndani ya kosa lake. Angempelekea mzee miwani jioni, wangepeana mikono, na mwanamke huyu angeendelea kupima mara tano mpaka siku ya kufa kwake. Alimgusa dada yake bega.

Jumamosi mpwa alikuja na mkokoteni kuchukua cherehani, akamkuta mzee bado anashona, akaupakia mahindi ya watu akarudi zake. Mtaani walicheka kweli, kama ilivyotabiriwa. Kwa wiki nzima waliopita mlangoni walimwinulia Chapuchapu mkono mmoja na kumwuliza huu ni upi. Wateja watatu walileta miwani zao zipimwe upya, na mmoja alisema waziwazi kwamba kijana asimguse, anamtaka dada. Chapuchapu alimeza. Aliinama juu ya kila fremu, vikono vikimwelekea, akatazama mara moja, mara mbili, mara tatu.

Siku ya nane aliingia Mama Mkasi, na karatasi ya daktari mkononi. Bi Darubini aliinuka kumpokea.

"Kaa tu, bibi wee," alisema Mama Mkasi. "Nimekuja kwa yule aliyekosea."

"Kuna neno?"

"Hakuna neno. Nataka anitengenezee yeye." Akaketi mbele ya Chapuchapu, akavua kilemba chake ili masikio yaonekane vizuri, akamsogezea uso. "Huyu hawezi tena kuniambia nitazoea."