Aliyekuja Kujibu

Asubuhi ambayo mgeni alitoka ziwani, Lamwaka alikuwa mwaloni Ggaba, wanakoshushia samaki wa Kampala, akichagua migongo ya sangara. Nyama yenyewe ilikuwa imekwisha kukatwa kiwandani na kupanda ndege kwenda Ulaya. Waliobaki huku waligawana kichwa, mgongo na mkia, na mtu mwenye mafuta ya kukaangia hakuona sababu ya kulalamika. Lamwaka aliikaanga migongo hiyo Wandegeya, nyuma ya kituo cha polisi, na wanafunzi wa chuo kikuu wakaila kwa vidole huku wakibishana mambo ya vitabuni.

Mgeni alipita katikati ya mashua mbili, maji yakimtiririka. Alikuwa mrefu kuliko mlango, rangi ya majivu yaliyolowa, na kila mguu ulikuwa na magoti mawili, moja likikunjika mbele na jingine nyuma. Wachuuzi wakampisha. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na watu wa Kampala walikuwa wameona serikali nyingi zikija na kuondoka; magoti manne hayakuwa jambo la kumfanya mtu aache kupima samaki. Mwenyekiti wa mtaa akamsogelea na kumuuliza kwa Kiganda ametoka wapi na nani anamjua, maana mgeni halali mtaani bila mtu wa kumtambulisha.

Mgeni akajibu kwa Kiswahili.

"Hapa Kongoni. Kuna mutu? Mimi nasikia hakuna. Kama kuna mutu, jibu. Ova."

Hapo ndipo watu waliporudi nyuma. Kilikuwa Kiswahili cha jeshi, kile cha vizuizini, na mtu wa Ggaba akikisikia hunyanyua mikono kwanza, mengine baadaye. Mwenyekiti naye akanyanyua yake. Lamwaka peke yake hakunyanyua. Sauti ile ilikuwa ya Okeny, mume wake.

Okeny alikuwa mtu wa redio katika jeshi la zamani, na Kongoni lilikuwa jina lake la hewani. Serikali ilipoanguka mwanzoni mwa mwaka themanini na sita, alibeba mtambo wake mgongoni akaondoka na wenzake kuelekea kaskazini, akimwacha mkewe na mimba ya miezi saba. Tangu hapo ilikuwa imepita miaka tisa, na hakuna aliyesema amemwona. Lamwaka aligonga milango ya ofisi zote. Wengine walimwambia jina hilo halimo. Wengine walimwambia jeshi hilo halipo tena, kwa hiyo na watu wake hawapo. Asiyekuwepo na lake halipo. Kwao Gulu, mama mkwe wake, Santina, alikataa kumlilia mtu asiyejulikana alipo, na wazee walisema roho ya aliyeanguka njiani huitwa kwa jina lake palepale alipoangukia, siyo pengine. Lamwaka hakutaka makubwa. Alitaka kuonyeshwa mahali. Kama Okeny yu hai, amfuate. Kama alikufa, asimame pale amwite, waende nyumbani.

Akamwambia mwenyekiti kwamba mgeni ni wake, na mwenyekiti, akishusha mikono, akasema basi hakuna tatizo. Wakarudi mjini nyuma ya pikapu ya samaki.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Obita, kaka yake Lamwaka, polisi wa kituo cha Wandegeya, ambaye nyumba ilikuwa yake, kambini nyuma ya kituo. Kisha akauliza kama mgeni anakula. Hakula. Alikunywa maji ya mvua tu, na alipochoka alisimama kando ya kabati kama ngazi iliyoazimwa kwa jirani.

Maneno aliyokuwa nayo yalikuwa yale ya Okeny, hakuwa na mengine. Aliyapanga na kuyapangua mpaka yakasema alichotaka, na baada ya siku kadhaa nyumba nzima ilikuwa imeelewa. Kwao ni kwenye nyota ambayo haionekani Kampala hata umeme ukikatika. Tangu zamani walijiuliza kama kuna uhai mahali pengine. Nusu yao walisema haiwezekani wawe peke yao. Nusu walisema anga ni tupu na kungoja ni kujichosha, na ndugu waliacha kusalimiana kwa ajili hiyo. Halafu ikaja sauti kutoka mbali, ikiuliza lilelile waliloliuliza wao: kuna mtu? Waliona ni aibu kuulizwa hivyo halafu wanyamaze. Wakamtuma huyu aje ajibu. Njia ni ndefu, akachelewa.

Aoko, Mkenya aliyeuza chapati langoni, alisikiliza hayo huku anakanda unga.

"Sasa Mama Akidi," akamwambia Lamwaka, "huko kwa nyota walisikia, na makao makuu hapa hapa mjini hawakusikia?"

Obita akasema makao makuu walikuwa wamekwisha kukimbia. Kila askari wa zamani alilijua hilo: wakubwa waliondoka na magari, redio wakaiacha ikiwaka mezani. Akaendelea kupiga viatu vyake rangi.

Jumapili baada ya misa Lamwaka alimwomba mgeni aseme wito wote tangu mwanzo. Ulichukua mchana mzima, maana Okeny alikuwa ameita mpaka betri ikaisha, na mgeni hakuruka kitu: mbuzi, upepo, mtu akiomba maji kwa Kiacholi, kikohozi cha mtu mwingine. Wanawake wa kambi wakajaa uani. Lakot, ambaye mume wake aliondoka na kikosi kilekile, aliomba kikohozi kirudiwe. Kikarudiwa. Akakiomba tena, na tena, kisha akajifunga kanga yake vizuri na kwenda kuanua nguo. Akidi, binti yake Lamwaka, ambaye hakuwahi kumsikia baba yake, alikaa chini na kuegemeza kichwa kwenye goti la chini la mgeni. Hakuna aliyemwambia aondoke.

"Sisi iko kwa daraja," sauti ikasema mwishoni. "Watu yangu wamelala, hawaamuki. Betri inakwisha. Kama kuna mutu, hata mumoja, aseme. Mimi nangoja. Ova."

Lamwaka akalia. Alilia bila kujificha, maana miaka yote hiyo hakujua alie kwa lipi. Alipomaliza akauliza ni daraja gani. Mgeni akainama na kuchora kwa kidole kwenye majivu ya jiko: mto wenye kona, barabara, miti mitatu ya mivumo, tangi la maji lenye matundu ya risasi. Obita akatazama akasema anapajua, aliwahi kupita. Lakini kaskazini kulikuwa na vita vingine sasa, na barabara ile haikupitika bila kibali cha jeshi.

Kwa hiyo Jumatatu Lamwaka alivaa gomesi yake ya bluu akampeleka mgeni kwenye ofisi ya askari wa zamani. Meja aliyekaa pale alikuwa amemwambia mara nyingi kwamba Okeny hayumo. Safari hii Okeny alijitaja mwenyewe, jina, namba na kikosi, kama alivyojitaja darajani. Meja akawaita masajini wawili waliowahi kufanya naye kazi. Wakafumba macho, wakasikiliza, wakasema ni yeye, hakuna ubishi. Meja akafurahi kwa dhati. Wanawake waliofika mezani pake walikuwa wengi, na hakuwahi kumrudishia hata mmoja mtu wake.

"Afande, huyu si mume wangu," Lamwaka akasema. "Huyu ametoka nyota ingine. Mume wangu iko kwa daraja. Mimi naomba kibali nifike pale."

Meja akamtazama mgeni, magoti na yote.

"Mama, wote waliorudi wamebadilika," akasema kwa upole. "Wewe shukuru. Mtu wako huyu hapa. Sasa kule unaenda kutafuta nani?"

Akagonga muhuri kwamba Okeny amerejea salama, na mgeni akapewa blanketi la jeshi. Mlangoni sajini mmoja akampigia saluti. Lakot naye alikwenda siku iliyofuata, akaambiwa kikohozi hakina namba.

Habari zikafika Gulu upesi, kama kawaida ya habari. Santina akapiga vigelegele na kuchinja kuku. Wazee wakakaa, wakasema mtu ambaye serikali imetangaza kuwa yu hai haitwi na mtu yeyote, mahali popote. Lamwaka akarudi kwenye karai lake. Wanafunzi walipomuuliza kuhusu mumewe aliwaambia yuko darajani, nao wakadhani anafanya kazi ya ujenzi.

Jioni moja mgeni alisimama uani ameelekeza uso juu, kwao, akataka kujua awaambie nini. Lamwaka akamwambia aseme tupo. Jibu likachukua maneno mawili, "Kuna mutu," na ugomvi wa huko ukaisha. Kisha mgeni akageukia kaskazini, akafungua mdomo, akaufunga. Lamwaka akaelewa. Alikuwa ametumwa kumjibu Okeny, na hakuwa na neno la kumjibu isipokuwa maneno ya Okeny mwenyewe.

Akaacha samaki jikoni, akaenda kusimama kando yake. Akamtamkia kwa Kiacholi, polepole, kama anavyofundishwa mtoto:

"Okeny, nimekusikia. Ni mimi. Mtoto alikuwa msichana, anaitwa Akidi. Tusamehe, tumechelewa."

Mgeni akayachukua. Akayatuma kuelekea darajani kwa sauti ya Lamwaka, yote, pamoja na pale ilipokatika. Aoko akaacha kukanda. Obita akavua kofia yake ya sare. Wakangoja jibu, kila mtu pale alipokuwa amesimama, mpaka mafuta yakapoa kwenye karai.