Golikipa wa Makofi

Gloriose alikuwa anatetemeka, na baridi haikuwepo. Kando ya uwanja kule Pinetown, Afrika Kusini, watu walijaa, karibu wote wenyeji, na yeye Mrundi alikaa katikati yao kitambaa kakishusha mpaka kwenye nyusi, mdomo kaufunga kabisa. Mwezi uliopita tu maduka ya wageni yalikuwa yamevunjwa mjini Durban. Nani angethubutu kusema Kiswahili mbele za watu? Labda mwendawazimu.

Lakini angebakije nyumbani, mtaani Albert Park? Binti yake Iteka alikuwa golini. Kocha mmoja mwanamke alikuja kutoka chuo cha Marekani kutafuta wasichana wa kuchezea timu ya chuo huku wakisomeshwa bure, na golikipa alimtaka mmoja tu. Gloriose husuka nywele za watu kutwa nzima. Karo ya chuo kile asingeipata hata angesuka mpaka vidole vikatike.

Sasa sikieni kosa la huyu mama. Tangu Iteka akiwa mdogo alimfundisha: mbele za watu, kimya. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mtoto akashika, tena akashika mno! Akawa golikipa asiyesema. Mabeki wa timu yake aliwaongoza kwa makofi: moja, nenda kulia, mawili, kushoto, matatu, tokeni wote. Walishamzoea. Ila siku hiyo ya majaribio Iteka alichanganywa na wasichana wa timu nyingine, ambao makofi yake hawakuyajua. Bao la kwanza liliingia hivyo: Iteka alipiga makofi, beki akageuka kumshangaa, mpira ukapita.

Otieno, mwanafunzi Mkenya aliyekuwa akiifundisha timu ya Iteka jioni, alikuja akachutama nyuma ya Gloriose, akijifanya anafunga kamba za viatu.

"Mama, mambo si mazuri," alinong'ona. "Yule kocha anasema mikono ya mtoto ni mizuri sana, lakini golikipa bubu hamchukui."

Uwanjani kona ilikuwa inataka kupigwa, na Iteka ameshainua mikono apige makofi tena. Mungu wangu wee! Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mama akajikuta amesimama, anapiga kelele kwa Kiswahili, watu wote wakimsikia: "Sema, Iteka! Waambie! Sema!"

Maji yakimwagika hayazoleki. Vichwa viligeuka.

Na Iteka akasema. Aliwapanga mabeki kwa Kizulu, sauti nzito, Kizulu cha mtoto aliyekulia hapo hapo, kisha akaruka akaudaka mpira. Hakuna aliyemshangaa. Macho yote yalikuwa kwa mama yake. Ndipo Gloriose alipoelewa kwamba mtoto hakuwa na la kuficha miaka yote hiyo. Woga ulikuwa wake yeye, akambebesha binti.

Baba mmoja mnene aliyekaa kwenye kiti cha kukunja alimkazia macho. "Yule golikipa ni wako?" aliuliza kwa Kizulu.

"Hapana," Gloriose alijibu, ulimi mzito. "Simjui." Kama wangetaka kumfuata mtu, wamfuate yeye peke yake. Hata hivyo neno lile lilimchoma.

Iteka hakufungwa tena. Filimbi ya mwisho ilipolia, Otieno alikuja mbio, furaha imemfanya asahau kunong'ona. "Mama Iteka! Kocha amempenda! Ila lazima azungumze na mzazi sasa hivi, bila mzazi hakuna safari."

Yule baba hakuhitaji kutafsiriwa jina la Iteka, alishalisikia mama alipopiga kelele. "Si umesema humjui?"

"Nilidanganya," Gloriose alimjibu. "Mimi ndiye niliyemzaa."

Yule baba aliinuka kitini. Gloriose alimpa mgongo akaanza kuukata uwanja, asithubutu kugeuka kuona kama anafuatwa. Eish, uwanja ule ulikuwa mpana! Iteka alimwona kutoka mbali, akavua glavu, akamshika yule kocha wa Marekani mkono, akamwonyesha kwa kidole.

"Mama yangu ni yule pale!" alipaza sauti kwa Kizulu, uwanja mzima ukasikia.

Gloriose akazidi kuogopa, na akazidi kutembea.