Mwanachuoni Aliyeimba Namba ya Gari

"Miaka yote hii jukwaani," alisema Lou Aixian huku akijichora nyusi mbele ya kioo, "sijawahi kusahau neno. Hata nusu ya neno. Kama hamniamini muulizeni huyu hapa, tumeigiza pamoja tangu usichana, muulizeni… huyu… huyu mfupi…"

"Guiying," alisema yule mfupi, bila kuinua uso kwenye bakuli lake la tambi.

"Najua unaitwa nani! Nilikuwa navuta pumzi."

"Ulivuta ndefu, Dada. Nimemaliza bakuli."

Chumba kizima cha kujipambia kikacheka, na Aixian naye akacheka, lakini alicheka kwa mdomo tu. Jicho lake moja lilikuwa mlangoni, kuona kama kiongozi wa kundi amesikia.

Ukimkuta Aixian sokoni Shengzhou, mji wao huko China, akibishania bei ya machipukizi ya mianzi, utaona bibi kama bibi wengine, mgongo umeanza kuinama na ulimi haujaanza. Lakini mvalishe kanzu ya hariri na viatu vya soli nene, mpe upepeo wa kukunja, basi mbele yako atasimama kijana mwanachuoni, mtanashati, mwenye sauti ya kuwatoa wajane ndani. Katika opera ya kwao, mchezo wa kuimba, wanawake ndio huigiza wanaume, na huwaigiza vizuri kuliko wenyewe. Wako wake za watu mjini ambao kwa miaka wamewapikia waume zao huku wakimuwaza Aixian, na waume wanajua, na hawana la kufanya. Utamwonea wivu mwanamke mwenzake mkeo?

Shida ilikuwa kichwani. Nyimbo zilibaki zote, kila kupanda na kila kushuka. Maneno ndiyo yaliyoanza kutoroka, kwanza moja moja, baadaye kwa makundi. Katika ukumbi wa zamani halikuwa jambo kubwa. Guiying, ambaye siku zote alikuwa mchekeshaji, mtumishi wa mwanachuoni mwenye pua iliyopakwa chokaa, alimnong'oneza mstari kutoka nyuma ya mkono wa kanzu, na wasikilizaji walikuwa wanabangua mbegu za alizeti, hawasikii kitu.

Sasa mji ulikuwa umejenga ukumbi mpya, una taa za kila rangi na jukwaa linalozunguka lenyewe. Na kila mwigizaji alifichiwa nyweleni kipaza sauti kidogo kama punje ya mchele. Ukikohoa, ukumbi mzima unakohoa nawe. Siku ya kwanza ya mazoezi Guiying alijaribu kumnong'oneza, na mnong'ono ukatoka kwenye spika zote kama sauti ya mungu: "Ni 'mwezi umetua', Dada, si 'mwezi umepasuka'."

Mbegu za alizeti nazo zilipigwa marufuku.

Aixian akajua amekwisha. Lakini alipoinua macho kwa huzuni, akaona kitu. Ukumbi ule ulikuwa na skrini mbili kandokando ya jukwaa, za kuwaandikia wasikilizaji maneno ya wimbo. Na ya tatu ilifungwa kule mbali, mbele ya roshani, inamtazama aliye jukwaani. Iliwekwa kwa ajili ya wakubwa wanaokuja kuhutubia, wasipotee katikati ya hotuba zao. Zote tatu zilikuwa na waya mmoja. Kinachotokea hapa kinatokea na kule. Na macho ya Aixian, ambayo hayakuweza kusoma bei kwenye pakiti ya chumvi mkononi, kwa mbali yalikuwa macho ya mwewe.

Aliyebonyeza kitufe cha skrini, mstari baada ya mstari, alikuwa mzee Zhu Bingkui. Zamani alipiga zeze la nyuzi mbili, mpaka vidole vikakakamaa, wakampa kitufe. Bingkui alikuwa amempenda Aixian tangu zeze lile likiwa jipya, na hakuwahi kumwambia, ingawa mji mzima ulikwisha kumwambia kwa niaba yake. Aixian alipomwendea na kusema kwa upole, "Kaka Zhu, hayo maandishi huoni kama ni madogo kidogo? Nawahurumia wazee wanaokaa nyuma," kesho yake yalikuwa makubwa kama matikiti.

Tangu hapo Aixian hakusahau neno. Aliimba kama chemchemi. Mtu mmoja tu ndiye aliyekunja uso: Xing Huiping, kiongozi wa kundi, aliyekuwa mwanafunzi wake zamani, na siku hizi amevaa suti na kubeba simu mbili.

"Mwalimu," alimwambia mbele ya wote, siku moja kabla ya ufunguzi, "mbona macho yako yanapanda roshani kila ukianza kuimba?"

"Mimi ni mwanachuoni niliyetenganishwa na mpenzi wangu. Ulitaka nitazame wapi, viatuni?"

"Nilitaka umtazame mpenzi. Yuko kushoto kwako."

"Huyo namuona kwa moyo."

Huiping hakucheka. "Mwalimu, nakuheshimu. Lakini Shanghai mwezi ujao tunaimba kwenye ukumbi usio na skrini ya nyuma. Ukisimama pale mdomo wazi, tutachekwa sote. Kwa hiyo nakwambia mapema: nikijua unasoma, nafasi anaichukua Weiwei."

Weiwei, mwanafunzi wa sasa wa Aixian, alijificha nyuma ya rafu ya makofia. Alikuwa binti mwema, na alikwisha kariri mchezo wote, jambo ambalo Aixian aliliona kama utovu wa adabu.

Shanghai! Aixian aliwahi kuimba huko mara moja ujanani, akaahidiwa kurudi, na hakurudi. Alitaka kusimama kule tena na viatu vyake vya soli nene kabla hajavitundika. Hilo tu. Kwa hilo alikuwa tayari kudanganya mbingu, sembuse Huiping.

"Kusoma!" alisema, akiweka mkono kifuani. "Mimi shule yangu iliishia nilipojifunza kuandika jina. Na macho yangu haya hayavuki safu ya mbele. Hiyo skrini unayosema iko wapi? Nionyeshe." Akajipapasia njia kuelekea chai yake, akaigonga meza makusudi.

"Ile pale," alisema Guiying, "unayoitazama."

"Wewe kula."

Mchezo wa ufunguzi ulianza alasiri, ukumbi umejaa mpaka ngazini. Wazee walikuja na chupa zao za chai, na mbegu za alizeti wamezificha ndani ya soksi na kwenye sidiria. Safu ya mbele walikaa wakubwa, wanajipepea.

Nusu ya kwanza ilikwenda kama maji. Kisha likaja tendo ambalo watu wote walilingoja: mwanachuoni, amevaa kanzu nyeupe, anaingia bustanini usiku na kumkuta mpenzi wake chini ya mti wa plamu. Mpenzi anageuza uso. Zeze linalia peke yake. Mwanachuoni anatazama juu, kwa huzuni, kuelekea roshani, na kufungua kinywa.

Wakati huohuo mlinzi wa ukumbi alikuwa ameingia chumbani kwa Bingkui akihema. Gari la mtu lilikuwa limeziba lango la zimamoto. Andika haraka liondolewe. Bingkui akaandika.

Aixian aliona mstari ukitokea kule mbali, maandishi makubwa kama matikiti. Hakufikiri. Alikuwa amekwisha acha kufikiri tangu wiki iliyopita. Akapokea wimbo kutoka kwa zeze, na kwa sauti iliyolainika kwa mapenzi akaimba:

"Mweeenye gari jeuuupe… uliyeziba lango la zimamoooto… namba nane… naaane…" hapo akatetemesha sauti, akaipandisha mpaka kwenye dari mpya, akaiacha ielee, na kuishusha taratibu kama jani, "…taaatu."

Mpenzi chini ya mti wa plamu aligeuza uso wake wote.

Safu ya nane mwanamume mmoja aliinuka, akatoka ameinama, ameshika funguo. Aixian alibaki na mkono hewani. Jasho lilianza kushuka chini ya poda. Kwenye pazia la kando, pasipoonekana skrini yoyote, alimwona Huiping, na simu zote mbili zimeshushwa.

Ndipo Guiying, na pua yake nyeupe, alipojivuta mbele, akajikuna, akasema kwa sauti ya mtumishi:

"Bwana mdogo, gari lipi tena? Sisi si tumekuja na punda?"

Kicheko kilichotoka mle ndani kiliwaamsha njiwa juu ya paa. Na katika kicheko kile kitu kilifunguka kichwani mwa Aixian, mlango wa zamani sana. Alipokuwa msichana, wakizunguka vijijini, mwalimu wao hakuwapa maneno. Aliwapa kisa tu wakati wa kujipaka poda: fulani anampenda fulani, baba hataki, basi, maneno mtatunga wenyewe mkifika jukwaani. Na walitunga. Akafungua upepeo wake kwa mlio, akamtazama mpenzi, kushoto, machoni kabisa, akaimba:

"Punda wangu yuko nje, anakula nyasi za watu. Mimi nimeota ndoto, ewe ua, ndoto ya zama zijazo: wenye mali wanapanda masanduku ya chuma, wanakwenda upesi kuliko upepo, wakifika hawajui pa kuyaweka. Mimi masikini nina punda tu, lakini njia ya kuja kwako sijaiziba."

Mpiga ngoma aliudaka mdundo wake kwenye neno la tatu, zeze likafuata. Mpenzi alijifunika uso kwa mkono wa kanzu, mabega yanatikisika, na safu za nyuma wakadhani analia, wakalia naye. Mkubwa mmoja wa safu ya mbele alicheka mpaka akamwagia chai suruali ya mkubwa mwenzake. Hakuna aliyetaka mchezo uendelee kama ulivyoandikwa.

Baadaye chumbani Aixian alikaa na viatu vyake miguuni, hakuvivua, maana aliyevivua huonekana amekubali kushindwa. Huiping akaingia, akafunga mlango.

"Mwalimu."

"Nimekusikia kabla hujasema. Ulipenda?"

"Ulikuwa unasoma."

"Nisome nini? Nimetunga! Wewe umezaliwa kwenye maneno yaliyopigwa chapa, hujui mambo hayo. Si umesikia ya punda? Nayo niliyasoma?"

Ya punda hayakuwa yameandikwa popote, hilo Huiping alilijua.

"Sawa, punda umetunga. Na gari?"

"Gari nililiona." Aixian alisogeza kiti. Sasa alikuwa ameshika kasi. "Nilipokuwa naingia. Limekaa langoni, jeupe kama tofu, nimelazimika kupita ubavu ubavu kama kaa na magoti yangu haya. Nikaitazama namba kwa hasira. Nikasema moyoni, wewe, leo nitakuimba. Na namba ikakaa. Mimi nikishashika kitu sisahau. Muulize…" akaangalia pembeni, "…muulize Guiying."

"Amenikumbuka!" Guiying alisema. "Kiongozi, mwanamke huyu yuko timamu."

Huiping alijaribu kukunja uso, ukakataa. Simu zake zilikuwa zinalia bila kupumzika: kila mtu alitaka kujua kama kesho mwanachuoni ataimba tena gari. Akapumua. "Basi, Mwalimu, nimekukosea. Nilikudhania vibaya, unisamehe. Shanghai ni yako."

Weiwei alipiga makofi kwa furaha ya kweli. Aixian akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesamehe kwa shida.

Mlango ukagongwa. Aliingia yule mwanamume wa safu ya nane, mikono miwili imeshika boksi la maandazi ya mvuke, na nyuma yake Bingkui na chupa yake ya chai ya tangawizi, maana kila baada ya mchezo alimletea Aixian chai.

"Mama Lou," alisema mwanamume yule, ameinama, "nimekuja kuomba radhi. Ni mimi wa nane nane tatu. Mke wangu anakupenda kuliko anavyonipenda mimi, na leo umeniimba mbele yake. Nyumbani nitaheshimika mwaka mzima." Akasita. "Ila mama, nilitaka kuuliza tu. Mbona uliimba jeupe? Gari langu ni jeusi. Jeusi tangu kiwandani."

Guiying aliacha kutafuna.

"Jeusi?" aliuliza Huiping.

Bingkui aliona uso wa Aixian ukibadilika chini ya poda. Hakujua kilichokuwa kimesemwa mle ndani, lakini alijua mwanamke anayempenda analaumiwa, na hajawahi kuliacha hilo lipite. Akajitokeza, kifua mbele.

"Kiongozi, usimlaumu Mwalimu Lou! Kosa ni langu peke yangu. Mlinzi aliniambia jeusi, nami macho yangu yalikuwa jukwaani, kwake, na ile kanzu nyeupe, basi nikaandika jeupe. Yeye ameimba nilivyoandika, neno kwa neno, hakukosea hata moja!"

Akatabasamu, akamwekea chai mbele yake.

Simu zikalia na hakuna aliyezipokea. Huiping alivuta kiti, akakaa uso kwa uso na mwalimu wake.

"Jeupe kama tofu," alisema polepole. "Ukapita ubavu ubavu."

Nje nyenje walikuwa wakipiga kelele kwa joto la mwezi wa saba, na poda ilikuwa inamtiririka Aixian mpaka shingoni. Akainua kidevu, kidevu kilekile cha kijana mwanachuoni.

"Lilikuwa na theluji," alisema.