Chumba cha Sauda Hakinuki

Nikisema mimi ni fundi rangi, watu hunitazama kucha kwanza. Wakikosa hina hapo, ndipo huona madoa ya rangi kwenye viwiko na kuelewa kwamba nazungumzia kuta. Naitwa Mwahija, nakaa Nangurukuru, na kwa miaka kumi na sita nimepaka nyumba, maduka, misikiti miwili na kanisa moja, kuanzia Somanga hadi Kiranjeranje. Sioni haya kusema kwamba hakuna mwanaume ukanda huu anayenishinda kunyoosha mstari wa dari kwa brashi. Wapo wanaobisha. Hao waje na brashi zao.

Mwaka jana kifua kikaanza kunigomea. Nikifungua kopo la rangi ya mafuta na kumimina tina ya kuizimulia, pumzi inabana, macho yanawasha, nakohoa mpaka nashuka ngazi kwa makalio. Daktari alinisikiliza mgongoni, kisha akasema taratibu, kama anaongea na mtu mkaidi, "Mama, hiyo mivuke unayovuta ndiyo inayokumaliza. Chagua mapafu au tina." Nililia njia nzima kurudi nyumbani. Sikuyalilia mapafu, niliililia kazi. Dada yangu anabangua korosho, akanikaribisha tubangue pamoja. Kazi ya halali kabisa. Lakini mimi nikiona ukuta mtupu moyo hunidunda, na korosho haijawahi kunidundisha chochote.

Muuza vifaa vya ujenzi mjini Lindi ndiye aliyeniokoa, au nilidhani ameniokoa. Alinionyesha ndoo zenye alama ya jani kwenye mfuniko. Rangi ya maji, akasema, lakini si ile ya zamani inayobanduka ukiiegemea. Hii haitoi mvuke mkali, inashika, na ukuta unafutika kwa kitambaa. "Wenye hoteli hawataki nyingine siku hizi," alisema. "Zahanati, shule za watoto wadogo, wote wanasoma kwanza kilichoandikwa kwenye ndoo. Nikileta mzigo, haukai." Nilinunua ndoo moja nikapaka chumba changu mwenyewe, na usiku huo huo nikalala humo. Sikukohoa hata mara moja. Nikajiwekea nadhiri: msimu huu wa korosho nikipata wateja wa rangi hii, nabaki fundi. Nikikosa, nakwenda kwa dada.

Mteja wa kwanza alikuwa Mzee Huseni Likwata wa Kiranjeranje, mkulima wa korosho. Alikuwa amemaliza nyumba mpya, na binti yake Sauda alikuwa anaolewa na kijana wa Somanga. Alinifuata mimi kwa sababu moja tu: Sauda alikuwa ameshawekwa ndani, anasingwa liwa ngozi ing'are na kufundwa na somo wake Moza, na fundi mwanaume hawezi kuingia chumba cha mwali. Ingekuwa si hivyo angemwita Dismas, ambaye anapaka vizuri kiasi chake.

Nikamweleza habari ya rangi yangu. Akasema sawa sawa, huku akili yake iko kwenye ng'ombe wa karamu.

Jumatano asubuhi Moza alimhamishia Sauda stoo, akamfunika kanga mbili asionekane, nami nikaingia kazini. Sauda alikuwa amechagua kijani cha ndimu. Nilipiga msasa, nikapaka mkono wa kwanza, nikangoja, nikapaka wa pili. Saa tisa mwali alikuwa amerudi chumbani kwake, anajipepea, anazungusha shingo kuzitazama kuta na kucheka. Nilikuwa nimefurahi sana. Kisha Mzee Huseni akaja mlangoni.

Alisimama nje ya pazia, akavuta hewa kwa pua, akavuta tena.

"Mwahija, umeanza kazi?"

"Nimemaliza, Mzee."

"Mbona hainuki?"

"Kutonuka ndiyo sifa yake. Nilikueleza."

"Umenipakia maji!" alisema. "Iddi hapo jirani alipopaka nyumba yake, harufu ilifika barabarani. Madereva wa malori walikuwa wanapunguza mwendo, wanaulizana nani kajenga. Mimi nyumba yangu inuke uji?"

Nikaloweka kitambaa, nikausugua ukuta mbele yake, nikamwonyesha kitambaa kilivyo cheupe. Akakikagua pande zote mbili.

"Kwenye kitambaa sawa," alisema. "Puani je?"

Nina hasira za karibu, sifichi. Nilimwambia kwamba pua haikai ndani ya nyumba, anayekaa ni mtu. Naye akaniambia kwamba Ijumaa watu wa Somanga wanaleta sanduku la bi harusi. Wakitambua wenyewe kwamba wameingia nyumba mpya, kazi yote iliyobaki ni yangu, vyumba vinne, ukumbi na kibaraza. Wasipotambua, Dismas anakuja na rangi ya mafuta mara tu harusi ikipita, na yeyote atakayeuliza sababu ataelezwa kwamba Mwahija anapaka maji. Nilijua maana yake. Neno likitoka Kiranjeranje asubuhi, jioni linanywa chai Nangurukuru.

Ijumaa baada ya swala nilivaa vizuri nikaenda, kwani Sauda mwenyewe alikuwa ameagiza niwepo. Kibarazani walikaa wanaume, Mzee Huseni katikati yao, kofia mpya, uso umekunjuka. Nilipomwamkia alijibu marahaba kwa furaha ambayo sikuielewa. Nikaelekea ndani.

Nilipoinua pazia la chumba cha Sauda, kifua kikanibana pale pale. Harufu ilikuwa ya tina. Tina kabisa, kali, ile ile iliyonipeleka kwa daktari. Moza alikuwa ameshika chetezo, anafukiza udi kwa bidii, lakini udi ulikuwa umeshindwa vibaya.

"Ukuta wako umechelewa kunuka, fundi," alininong'oneza, "lakini leo umeamua."

Kabla sijamjibu, wageni wakaingia kwa vigelegele na sanduku kichwani. Mbele yao alikuwa Bi Biasha, shangazi wa bwana harusi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu shambani. Vigelegele vilikatika kimoja baada ya kingine. Mmoja akapiga chafya. Sauda alikuwa ameketi kitandani amejitanda, na Bi Biasha alipomfunua uso, mwali alikuwa anabubujikwa machozi, wanja umemteremka mpaka kidevuni.

"Analia!" alisema Bi Biasha. "Mwanangu, umelazimishwa?"

Sauda akatikisa kichwa. Alitaka kujibu, akakohoa.

"Hata sauti haitoki. Jamani, sisi hatuchukui mwana wa watu kwa machozi. Shusheni sanduku, lakini lisifunguliwe."

Moza akaanza kuapa kwamba mwali anampenda mwanaume huyo kupita kiasi. Hakuna aliyemsikiliza. Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti, kanga mdomoni, nafuata harufu. Chini ya kitanda palikuwa na kawa la kufunikia chakula. Nikaliinua. Kopo la rangi ya mafuta, wazi, na kando yake bakuli limejaa tina.

Tina, na chetezo cha makaa mekundu hatua mbili kutoka hapo! Nilimpokonya Moza chetezo nikamsukumizia mwanamke aliyekuwa mlangoni, "Toa nje, mbali!" Kisha nikabeba bakuli kwa mkono mmoja na kopo kwa mwingine, nikatoka mbio mpaka uwanjani, nikaviweka chini mbele ya kibaraza. Wanaume wote wakageuka. Bi Biasha alikuwa nyuma yangu.

"Kumbe ni fundi!" alisema. "Umemwachia mwali sumu chini ya kitanda? Fundi gani wewe? Nani tena atakuita nyumbani kwake?"

Wallahi nilikuwa na majibu. Kwa ulimi wangu huu ningemwaibisha Mzee Huseni mbele ya wakwe zake mpaka atafute pa kujificha. Lakini kifua kilikuwa kimefunga. Nilifungua mdomo, kikatoka kikohozi tu, kikohozi kirefu kilichoniinamisha. Watu walinitazama, na mtu anayekohoa bila kujitetea anaonekana mkosa kweli kweli. Niliogopa. Niliona kazi yangu ya miaka kumi na sita inamalizikia uwanjani kwa watu, na mtu pekee aliyejua ukweli alikuwa anachezea kofia yake.

Mzee Huseni alinitazama mimi, kisha akatazama dirisha la binti yake. Akasimama.

"Bi Biasha, fundi hana kosa," alisema. "Niliviweka mimi."

Akageuka, akaionyesha nyumba kwa mkono.

"Nyumba hii nimeijenga misimu saba ya korosho. Saba. Rangi ya fundi haina harufu, nikaona aibu, mtaingia na kutoka msijue kwamba ni mpya. Mwanangu nilidhani atavumilia nusu saa tu." Akashuka kibarazani, akanikaribia. "Sikufikiria makaa. Mwahija, nisamehe."

Bi Biasha alimkazia macho. Kisha mabega yakaanza kumcheza, na kicheko kikamtoka ambacho nadhani Iddi alikisikia kwake.

"Baba Sauda! Macho tunayo, nyumba tunaiona! Tumekuja kumchukua mwali, hatukuja kunusa kuta!"

Hapo hata wanaume wakacheka, na Mzee Huseni akacheka wa mwisho, akijifuta uso kwa kofia. Madirisha yakafunguliwa. Sauda aliogeshwa uso, akapakwa wanja upya, na baada ya muda Moza akarudi na chetezo. Safari hii udi ulienea chumba kizima, ukakaa. Bi Biasha alivuta pumzi ndefu, akauweka mkono wake ukutani.

"Chumba hiki kimepakwa lini?"

"Juzi," nikasema. Sauti ilikuwa imerudi.

"Na mwali alilala humu?"

"Siku ile ile."

Aliendelea kuupapasa ukuta. "Mjukuu wangu ana pumu," alisema. "Baba yake akipaka nyumba, tunamhamisha mtoto mwezi mzima. Mwaka huu tumeacha kupaka." Akanigeukia. "Harusi ikiisha tu, unakuja Somanga. Usinipangie siku, unakuja." Halafu akaamuru sanduku lifunguliwe.

Sauda aliolewa Jumapili. Jumanne nilianza vyumba vilivyobaki vya Mzee Huseni, na Alhamisi mvua ikanyesha ya kufunga kila dirisha. Nilikuwa nimetoka kumaliza ukuta wa mwisho wa chumba cha wageni. Miaka yote, mvua ya namna hiyo ilimaanisha kukimbilia barazani na kulowa, kwa sababu ndani hapakuwa na hewa ya mtu. Mzee Huseni aliniletea sahani ya wali na samaki, akaiweka mlangoni, akaniuliza kama naweza kula humo humo.

Nikafunga mlango, nikakaa sakafuni katikati ya kuta nne mbichi, nikavuta pumzi mpaka mwisho. Ikaingia yote. Nikavuta nyingine. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, na hakukuwa na tina ya kuisingizia. Nikala wali wote, nikanawa, nikaikoroga ndoo, maana ukumbi ulikuwa bado.