Shaka ya Frateri Faustin

Mwaka 1979 nilikuwa nafundisha falsafa katika seminari moja ya Iringa, juu kidogo ya Mlandege, na nilikuwa mwalimu mwenye maringo. Somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa la wanafalsafa wa Ulaya wa karne ya kumi na saba na ya kumi na nane, kwa sababu humo ndimo nilimopata watu wa kuwacheka. Nilimcheka Mfaransa aliyeanza kwa kutilia shaka hata mikono yake mwenyewe. Nikamsifu Mskoti, mchungaji wa kanisa, aliyesema Mungu ametupa akili ya kawaida ili tuitumie: tuamini macho yetu, tuamini wanaotuletea habari, tuendelee na kazi.

"Mwenye shaka na kila kitu," nilikuwa nikisema, "hata ugali hataumeza."

Mafrateri walicheka, isipokuwa Faustin. Alikuwa kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe wao, na ukimwambia jambo lolote lazima akuulize umejuaje. Alinichosha. Baba yake, mzee Bujiku, hakuwa Mkristo. Mapadre watatu walikwisha kumfuata hadi zizini akawarudisha, akisema siku akitaka kubatizwa atabatizwa na mwanawe, si na mgeni. Faustin alikuwa bado hajawa padre, lakini kwa mtu aliye mahututi hata muumini wa kawaida anaruhusiwa kubatiza.

Jumamosi asubuhi akaja Philbert, dereva wa lori, ametoka Uyole na viazi. Mama yake Faustin alikuwa ametembea kutoka bondeni akamsimamisha barabarani pale Igawa, akampa ujumbe: mzee anaumwa, anamwita mwanawe, aje upesi. Philbert aliusema ujumbe huo huku akitazama viatu vyake, akakataa chai, akaondoka.

Kwetu Unyakyusa, msafiri hapelekewi habari ya kifo. Huambiwa tu kwamba mtu wake ni mgonjwa, aje, ili asianguke njiani. Basi pale seminarini kila aliyesikia alielewa. Mpishi alianza kulia. Mafrateri walikuja kumpa Faustin pole mmoja mmoja, nami nikapanga misa ya kesho yake ya kumwombea marehemu, kisha nimpeleke mwenyewe kwa Landrova.

"Padre, mama amesema baba anaumwa," Faustin aliniambia. "Naomba niondoke leo, hata kwa lori."

"Tumia akili ya kawaida, Faustin. Hukumwona yule dereva alivyokuwa anatazama chini?"

"Pengine amechoka. Padre umejuaje?"

Nilikasirika, tena mbele ya watu. Nikamwambia lisemwalo lipo, na aache kuleta ubishi wa darasani kwenye msiba wake mwenyewe. Aliinamisha kichwa akatii. Utii tulikuwa tumewafundisha vizuri.

Jumapili misa ilirefuka, pole zikarefuka, na siku hizo magari ya binafsi yalikuwa yamekatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, ili kubana mafuta. Tukaondoka Jumatatu alfajiri.

Tulifika kwa mzee Bujiku mchana. Nilitafuta kaburi kwa macho, sikuliona. Mama yake Faustin, Ngolo, alikuwa amekaa chini mlangoni. Alimtazama mwanawe, halafu akanitazama mimi.

"Amekufa leo, ng'ombe wakiwa wanatoka," alisema. "Juzi alikuwa anaongea. Jana alikuwa anaongea. Mbwa akibweka anauliza, ni Faustin?"

"Mama, sisi tulidhani..."

"Nilisema anaumwa. Mimi sifichagi, Padre. Angekuwa amekufa ningesema amekufa."

Nikauliza kwa nini hawakumwita katekista ambatize.

"Alikataa. Alisema mtoto wangu yuko njiani."

Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia pale mlangoni. Nilikuwa nimemzuia mtoto wa watu siku mbili nzima, kwa sababu nilijua.

Faustin alikwisha kuingia ndani. Nilimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, na kwenye kigoda palikuwa na bakuli la maji ya kubatizia waliyokuwa wamemwekea tayari tangu Jumamosi. Kanisa lina maneno kwa ajili ya mtu ambaye haijulikani kama roho imekwisha kutoka: "Kama u hai, nakubatiza." Lakini yanaruhusiwa palipo na shaka ya kweli tu. Mimi nilikuwa sina shaka, na niliona haya kuyasema.

"Yaseme wewe, Faustin," nilimnong'oneza. "Ni saa chache tu zimepita. Nani ajuaye? Tilia shaka, mwanangu. Kidogo tu."

Alichovya vidole kwenye maji. Kisha akaushika mkono wa baba yake, akajaribu kuukunja, haukukunjika. 

"Amekufa, Padre," alisema. "Hata mtoto mdogo angejua."

Akabeba lile bakuli, akamwaga maji nje, akamuuliza mama yake jembe liko wapi.