Kutafuta Mama ya Majani

Kavugho alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni, fourche ya meno marefu mkononi, akivuta majani kutoka kwenye vyuma vya grille ya moulin, kinu cha kusagia kwa maji. Alivuta, akatupa ukingoni, akageuka: mengine yalishafika. Yalikuja yakielea polepole, mabichi, yameshiba, mashina yamevimba kama mashavu ya mtu anayepuliza moto, mizizi myeusi ikining'inia chini kama nywele ambazo hazijasukwa. Jana alisafisha hapo mara nne. Juzi bwana yake Mbusa, fundi wa moulin, alisafisha mara tatu, na bado turbine ikasimama na unga wa kambi ya askari haukutoka.

Ndiyo maana Mbusa alikuwa cachot, amefungwa na askari.

Ilikuwa Juni 2001, huku Kalunguta, mwaka ambao kila aliyebeba bunduki alikuwa serikali. Commandant wa kituo alikuwa ameleta magunia yake ya mahindi, akayakuta siku ya pili yamekaa vilevile.

"Mashini inasimama mara tatu mu juma moja, na siku ya mahindi yangu tu?" alisema. "Hiyo haiko majani. Hiyo ni sabotage, mutu anaharibu kwa kusudi."

Saa kumi ya leo, camion ya Issaka, ile inayoshusha samaki wa ziwani, ingempeleka Mbusa Beni pamoja na karatasi yake ya mashtaka. Bonde zima lilijua majina ya waliopelekwa Beni na karatasi. Aliyerudi, hakuna aliyemjua.

Agronome Lusenge wa service ya Mazingira alifika asubuhi hiyo na kashe, muhuri wake wa ofisi, mfukoni, akasimama mbali na matope.

"Mama Kavugho, sikia. Nikiandika mu PV, ile ripoti ya serikali, kama hii majani iko na fasi inatokea, fasi ya kweli, na jina ya mwenye kuitia mu maji, sabotage ya bwana yako inaisha. Lakini bila fasi, bila jina, nitaandika nini? 'Majani inatoka kule juu'? Commandant atanicheka."

"Papa agronome, weye njo mwenye kusomea majani. Tupande pamoja."

Lusenge aliangalia viatu vyake. "Bureau haina frais de mission, pesa ya safari."

Basi alipanda na Rébecca. Rébecca aliuza kasiksi, pombe ya ndizi, kwenye njia panda, na hapakuwa na ndoa, mimba wala ugomvi ulioanza Kalunguta ambao haukupitia kwanza kwenye kibuyu chake. Alifunga duka kwa kamba ya mgomba, akasema: "Yaya, dada yangu, nakusindikiza. Hii habari siwezi kuisikia kwa midomo ya batu bengine."

Walifuata kijito, na kila penye watu walikuta jibu tayari. Wanawake wanaofua walisema ni Ba-Ouganda, waliimwaga na ndege ili mito ikauke. Mzee mmoja aliyekuwa baharia kwenye mto mkubwa kule magharibi alicheka mpaka akakohoa.

"Ile? Siye tulikuwa tunaiita Congo ya Sika, Congo mupya. Ilifika wakati moja na Uhuru. Boti inasimama katikati ya mto, maji haionekane, unafikiri uko shambani. Bazungu baliimwangia dawa, batoto bakakula samaki, bakaumwa tumbo. Majani yenyewe hata haikukohoa."

"Na mwenye kuileta, papa, alikuwa nani?" Kavugho aliuliza.

"Ah, mwanangu. Kila mutu alisema ni mwingine."

Juu kidogo, kijito kiligawanyika mikono miwili. Rébecca alishika njia ya kushoto bila kufikiri, kwa sababu kushoto ndiko kulikuwa kambi.

"Banajeshi njo baliitia. Nani mwingine?"

"Ngoja," Kavugho alisema.

Aliingia majini. Mkono wa kushoto mawe yalikuwa safi, yana utelezi wa kawaida tu. Akavuka. Mkono wa kulia, kwenye matete, juu ya urefu wa goti lake, kulikuwa na mstari wa majani yaliyokauka, kahawia, yamenasa pale mvua ya juzi ilipofikisha maji. Akachukua moja bichi lililokuwa linapita. Hakulikamata lenyewe tu: lilivuta lingine, na lile lingine likavuta dogo, vyote vimeungana kwa kamba nyororo nyeupe chini ya maji.

"Rébecca, kuja uone. Mama, mutoto, mujukuu. Haingoje mbegu. Iko inazaa kama hivi, ikitembea. Ukikata hapa, kila moja inaenda kujenga nyumba yake."

"Eh! Kama batu ba kwetu, kule Rughenda."

Kavugho hakuitupa ile kamba. Aliitazama muda. Kwa wiki tatu alikuwa anapigana na hayo majani na hakuwahi kuyaangalia. Kumbe lile shina lililovimba lilikuwa tupu ndani. Alilikamua na hewa ikatoka na kelele ndogo. Kumbe ndiyo sababu halizami. Alikuwa na mume gerezani na bado akakamua la pili, ili asikie tena.

"Yaya, jua linapanda."

"Tunatafuta mama yao," alisema. "Fasi maji haitembei. Huku mbio ya maji ni mingi, hawezi kuwa alizalia huku."

Palipokuwa hapatembei ni kwenye mashimo ya matofali, chini ya shapele, kanisa dogo la Wakatoliki, pale watu walipochimba udongo miaka mingi kisha wakayaachia maji. Kavugho aliyajua mashimo hayo tangu utoto. Sasa hayakuwepo. Palikuwa na bustani moja kubwa, kijani imebanana, imejaa maua ya zambarau yenye jicho la njano, mazuri kiasi kwamba Rébecca alisahau kumaliza habari aliyokuwa anasimulia. Kwenye ukingo wa chini, kila maji yalipopumua, kipande kilikatika na kushika safari.

Kavugho alikanyaga ndani kutafuta lililo kongwe zaidi. Alilivuta kwa mikono miwili. Katikati ya mizizi kulikuwa na uzi wa bluu wa nyavu, umezungushwa mara tatu na kufungwa fundo lenye sikio moja.

Hakuna mwingine aliyefunga vile. Yeye mwenyewe alifundishwa na mama yake.

Alikaa kwenye tope.

Wamama wa maua, waliopamba altare pale shapele, walikuwa saba, na Kavugho ndiye aliyekuwa anaongoza. Mwaka wa '99, mwezi wa Rozari, Issaka aliwashushia kutoka njia ya ziwa beseni moja la maua ambayo hawakuwahi kuyaona. Rangi ile ile ya koti la Bikira. Ukiyakata, saa sita yamelala. Lakini ukiyaacha na mizizi yake ndani ya beseni, kila asubuhi yalitoa jipya. Padri mwenyewe aliuliza yanaitwaje. Tangu hapo, kila Oktoba na kila Mei, Issaka alileta beseni na Kavugho aliyafunga mafungu kwa uzi wa nyavu. Na mwezi ukiisha? Ua lililosimama mbele ya Bikira halitupwi jalalani, mbuzi wasilikanyage. Linatiwa majini, kwenye mashimo. Ndivyo bibi zao walivyofanya na maua mengine yote, na mengine yote yalioza.

"Nilishuka nayo miye," Kavugho alisema. "Mara ine. Nilikuwa naimba."

Rébecca aliangalia juu, aliangalia chini. "Basi uzi huo unaudumbukiza hapo, yaya, tunashuka, tunasema ni Ba-Ouganda. Nani atabisha?"

"Na Mbusa?"

"Mbusa atatoka."

"Agronome anataka jina. Muganda gani? Baba yake nani?" Aliufunga ule uzi kwenye kidole chake. "Bataandika jina ya Mbusa, kwa sababu njo iko karibu."

"Miye niko protestante," Rébecca alisema kwa unyonge. "Hii shauri ya Bikira inanipita kichwa."

Saa nane walikuwa bureau. Lusenge alisikiliza, akaandika neno moja, akalifuta.

"Mama, siwezi kuandika shapele. Muke ya commandant anakaa banc ya kwanza mule. Niandike 'personne inconnue', mutu asiyejulikana?"

"Ukiandika hivyo, bwana yangu anatoka?"

"Hapana."

"Basi andika Kavugho, na maua yake ya Bikira."

"Na bengine? Beseni haibebwe na mutu moja."

"Fundo ni yangu." Akaweka uzi juu ya meza.

Commandant alisoma PV akiwa amesimama uani kando ya camion, Mbusa ameshakaa ndani, mikono imefungwa na mkanda wake mwenyewe. Issaka, usukani mkononi, alitazama mbele tu kama mtu asiyejua beseni ni kitu gani. Commandant alisoma mpaka mwisho, akarudi juu, akacheka.

"Donc Bikira Maria njo alifanya sabotage."

Aligeuka kuangalia magunia yake. Fundi wa turbine mwingine hakuwapo mpaka Butembo, na kambi ililala jana na mihogo mibichi. Akakunja PV mara nne, akaitia mfuko wa shati, akaufunga kifungo.

"Fundi ashuke. Ende ku mashini, na askari. Wee mama, salongo, kazi ya lazima, kuanzia sasa, mpaka yale mashimo yaishe. Hii karatasi inabaki na miye. Mashini ikisimama tena, camion iko."

Lusenge aliona ni nafasi ya service yake kusema kitu. "Mon chef, majani hayawezi kulundikwa barabarani, ni kinyume cha sheria. Nashauri yatupwe mu maji, chini ya moulin."

"Chini ya moulin kuko batu," Kavugho alisema. "Kuko mashini ingine. Kuko bwawa za samaki."

"Ile haiko mu secteur yangu," Lusenge alisema, na akapiga kashe.

Kavugho alipofika mashimoni na askari wa kumlinda, alikuta wale wanawake sita wa maua wamesimama na vikapu. Hakuwa ametaja jina la hata mmoja. Lakini Rébecca alikuwa ametangulia nusu saa, na nusu saa kwa Rébecca ilitosha bonde zima. Walikunja vikwembe vyao vya kiunoni wakaingia.

Kikapu cha kwanza kilipojaa, kizito, kinachuruzika, Kavugho alikiweka mgongoni, akapitisha mkanda kwenye kipaji cha uso kama kila mwanamke wa huku abebavyo mzigo. Askari alinyoosha bunduki kuonyesha njia ya kushuka mtoni. Kavugho alitazama kule bunduki ilikoelekea. Kisha akapanda kilima.

"Mama! Na mayi!" askari alipiga kelele kwa Lingala, akionyesha maji ya mto. "Commandant alobi na mayi!"

"Nimesikia."

Aliendelea kupanda, kipaji kimeinama, maji yakimtiririka mgongoni. Juu, penye jiwe kavu lisilo na kivuli, alipindua kikapu. Akapiga magoti na kuanza kugeuza moja moja, mizizi juu, majani chini, jua liikaushe. Nyuma yake alisikia pumzi nzito: wa pili alikuwa amefika. Kisha wa tatu. Rébecca akafuata, na kikapu chake cha kubebea vibuyu, akimlaani Issaka kwa majina ambayo protestante hapaswi kuyajua.

Askari alibaki katikati ya mteremko. Aliangalia chini, kwenye moulin, atafute wa kumuuliza. Kule wote walikuwa wameinamia turbine.

Kavugho alimpita karibu akiteremka na kikapu kitupu, karibu kiasi cha kusikia harufu ya mafuta ya bunduki. Hakupunguza mwendo. Akaingia tena ndani ya shimo, akatafuta kwa mguu mahali ambapo zile kamba nyeupe zilianzia.