Jezi Nyeupe Kumi na Mbili

"Ongeza pindo, fundi. Huyu anakua kama anamwagiliwa maji," mzazi alisema, akimsogeza binti yake mbele ya kioo.

Mama Sare akaongeza pindo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameshona sare za shule ndani ya chumba kile cha mlango mmoja, na hakukumbuka hata nguo moja iliyomkaa mtoto sawasawa siku ya kwanza. Mzazi gani angekubali? Kitambaa kinapanda bei kila muhula, uzi ulikuwa umepanda tangu Jumatatu, kwa hiyo shati la mtoto hushonewa ule mwili atakaokuwa nao miaka miwili ijayo. Mikono ya fundi ilikuwa inajiendea yenyewe: kata pana, kunja pindo nene, bandika mfuko kifuani kushoto, haya, lete jingine.

Lakini leo akili yake haikuwa dukani. Saa tisa alasiri timu ya taifa ya wanawake ya mpira wa kikapu ilikuwa inacheza na majirani, na mshindi angekwenda fainali za bara. Nchi yao ni ndogo. Wenyewe hutaniana kwamba ukipiga chafya mpaka wa huku, mtu wa mpaka wa kule anakuambia pole. Haijawahi kufika fainali za kitu chochote. Na bintiye mwenyewe, waliyembatiza jina la Sindano kwa wembamba wake na kwa kazi ya mama yake, alikuwa kwenye timu. Namba tisa. Wa akiba, ndiyo, lakini wa akiba wa taifa! Tangu alfajiri Mama Sare alikuwa amejidunga vidole mara tatu kwa furaha.

Saa tatu na nusu Katibu wa chama cha mpira wa kikapu aliingia bila hodi, tai shingoni, jasho usoni.

"Mama, nchi inakuita."

"Nchi ikae kwanza kwenye stuli," Mama Sare alisema. "Imeamka na nini?"

Katibu hakukaa. Alieleza haraka haraka, akijifuta kwa leso. Sheria inasema timu inayotajwa kwanza kwenye ratiba ivae nyeupe, ya pili ivae rangi nzito. Wenyeji ndio waliotajwa kwanza. Na wenyeji walikuwa na seti moja tu ya jezi, za bluu. Wageni wamekuja na nyekundu. Kamishna wa mchezo, mgeni aliyetumwa kusimamia, amezitazama zote mbili asubuhi hii na kutikisa kichwa.

"Si wageni wavae nyeupe zao?"

"Wameziacha kwao. Waliandikiwa barua walete nyekundu, wakaleta nyekundu."

"Na nyinyi mliandikiwa nini?"

Katibu akaangalia dari. Barua yao ilikuwa imefika miezi mitatu iliyopita, ikapigwa muhuri, ikawekwa kwenye faili, na humo ilikuwa imetulia salama salimini, haijasomwa na mtu.

"Bukta nyeupe tunazo, zile za mazoezi," alisema kwa sauti ya chini. "Jezi hatuna. Ikifika saa tisa hatuna, tumefungwa ishirini kwa sifuri bila mpira kurushwa. Mama yangu, kumi na mbili tu."

Kumi na mbili tu! Za kukata, kushona, na kubandika namba mbele na nyuma, ndani ya saa tano. Mama Sare alihisi moyo ukimwenda mbio, na ajabu ni kwamba haukuwa woga. Ilikuwa raha tupu. Alifagia meza kwa mkono, mashati ya shule yakaenda sakafuni, akashusha robota lote la kitambaa cheupe.

"Wazazi wangu, mnisamehe," aliwaambia waliokuwa kwenye foleni. "Muhula utaanza Jumatatu mkipenda msipende. Leo nashonea taifa."

Walicheka, wakaondoka. Yule mzazi wa pindo hakuondoka. Alimtuma binti yake nyumbani, akavua saa ya mkononi na kuiweka dirishani.

"Mkasi mwingine uko wapi?" aliuliza. "Nisikae nje kusikiliza redio wakati mpira uko humu ndani."

Wakaanza. Mama Sare alianza na ya Sindano, kwa sababu vipimo vyake havikuhitaji futi. Alivijua tangu tumboni. Akafuata ya nahodha, lile pande la mtu wanayemwita Mnara, kisha ya dada wa kutoka benki anayerusha kutoka mbali. Cherehani ya umeme ilikuwa inaimba. Mzazi alikata namba kwenye kitambaa cha bluu cha magauni ya shule, ulimi ukiwa umebanwa kwenye kona ya mdomo, maana kamishna alikuwa amesema namba ya mgongoni isipungue sentimita kumi na sita.

"Fundi," mzazi alisema ghafla, akiinua jezi ya Mnara. "Humu mfukoni ataweka nini? Kalamu?"

Mama Sare aligeuka. Mfuko! Mfuko wa kifuani, kushoto, umeshonwa barabara na kona zake zimekazwa. Mikono yake ilikuwa imefanya kama ilivyozoea. Walicheka mpaka wakashika meza. Mama Sare akachukua wembe, akafumua wa Mnara, akafumua wa dada wa benki, na simu ya Katibu ikalia akitaka kujua wamefika wapi. Alipokata simu, umeme nao ukakatika.

"Haya sasa," alisema. Akavuta cherehani ya miguu kutoka pembeni, akaipangusa vumbi kwa kanga, akaanza kukanyaga. Saa tano, saa sita, saa saba. Magoti yaliwaka moto. Hakunywa hata maji. Majirani wa maduka walipita mlangoni kuuliza idadi, na kila akijibu, "Sita!" "Nane!" walipiga makofi kana kwamba Sindano amefunga.

Saa nane na robo gari la Katibu lilipiga honi. Jezi zote zilikuwa zimeshonwa, lakini tatu hazikuwa na namba za mgongoni. Mama Sare alizishonea njiani kwa mkono, kwenye kiti cha nyuma, gari likiruka mashimo na Katibu akihubiri kwenye simu kwamba maandalizi yako vizuri, mcheza kwao hutunzwa. Sindano ya mkono ilimdunga mara mbili. Alisogeza kitambaa mbali na tone la damu.

Kamishna alipima namba zote kwa rula, mbele na nyuma, uso wake mkavu. Namba zilitimia. Alitia saini. Mlinzi wa mlangoni alitaka kumzuia Mama Sare kwa kuwa hakuwa na kitambulisho, lakini kocha alimvuta mkono akasema huyu ni daktari wa jezi. Ndivyo alivyojikuta ameketi nyuma ya benchi la timu ya taifa, uzi na sindano mapajani, ndani ya ukumbi uliojaa hadi ngazini.

Mungu wangu, mchezo ule! Majirani walikuwa warefu, wanalipwa kucheza, hawana kazi nyingine duniani. Wa huku, Mnara alikuwa muuguzi aliyetoka zamu saa moja asubuhi. Lakini walikimbia. Walikimbia kama watu wanaoogopa kurudi nyumbani na hadithi ileile. Robo ya kwanza wageni wakaongoza kwa pointi tisa, ya pili kwa nne, na ya tatu ilipokwisha tofauti ilikuwa moja. Mama Sare alikuwa amesimama juu ya kiti chake, hajui alipanda saa ngapi. Jezi mbili zilichanika kwapani akazidaka pembeni mwa uwanja na kuzishona zikiwa mwilini, mchezaji akihema juu ya kichwa chake.

Zikiwa zimebaki dakika mbili, dada wa benki akateguka kifundo cha mguu. Kocha akageuka.

"Sindano! Ingia!"

Sindano akavua fulana ya kupashia mwili joto, na mama yake akashuka kwenye kiti kwa kishindo. Mfuko! Ule wa tatu ulikuwa bado upo kifuani, mzima, mweupe juu ya nyeupe. Jezi iliyoshonwa kwanza kuliko zote ndiyo iliyosahauliwa.

"Mwanangu, ngoja!" aliita, akitafuta wembe. Nani angesikia? Ukumbi ulikuwa unanguruma, na Sindano alikuwa tayari katikati ya uwanja na mpira mkononi.

Hamsini na tisa kwa hamsini na nane, wageni mbele. Zikabaki sekunde sita. Sindano akampiga chenga wa kwanza, akainama chini ya mkono wa pili, akaruka. Beki mrefu wa wageni alinyoosha mkono kuufuata mpira, akaukosa, na vidole vikaingia mfukoni. Viliingia vikanasa. Sindano juu, vidole chini, mfuko ukachanika kwa sauti ambayo Mama Sare aliapa ameisikia, na wote wawili wakaanguka sakafuni.

Filimbi. Faulo. Mitupo miwili huru, sekunde moja imebaki.

Wa kwanza ulizunguka ukingo wa chuma, ukafikiri, ukaingia. Wa pili haukugusa chuma kabisa.

Ukumbi ulilipuka. Watu wasiojuana walibebana. Mlinzi wa mlangoni alimkumbatia Mama Sare akilia. Lakini kocha wa wageni alikuwa kwenye meza ya waamuzi, ameshika kipande cha mfuko, anafoka. Jezi ya kimataifa ina mfuko! Katibu akafika mbio, akamwonyesha Mama Sare kwa kidole.

"Ni huyo fundi!" alisema kwa nguvu ili wote wasikie. "Sisi chama hatuhusiki!"

Kamishna alikigeuza kipande kile cha nguo mara mbili, akaangalia saini yake kwenye karatasi.

"Jezi nilizikagua na kuzipitisha mimi," alisema. "Kosa ni langu. Matokeo yanabaki."

Katibu akashusha kidole, akafungua mikono yote miwili, akamkumbatia fundi. "Mama yetu!" alipaza sauti kwa kamera. "Mama wa taifa!"

Nusu saa baadaye, timu ikiwa tayari ndani ya basi, Katibu alimvuta Mama Sare kando ya ukuta wa maegesho. Alikuwa amelegeza tai.

"Mama, nina kazi yako nyingine. Suti saba za viongozi, bluu, kwa ajili ya safari ya fainali. Mbili za kike. Tunaondoka baada ya wiki tatu."

"Na wachezaji watavaa nini?"

"Wachezaji watavaa hizo hizo, si wanazo nyeupe? Zitatosha na kubaki. Tumepata viti kumi na viwili vya ndege. Viongozi saba, wachezaji watano."

Mama Sare alidhani uchovu umemziba masikio. "Watano? Wako kumi na wawili."

"Uwanjani wanaingia wangapi kwa mpigo?" Katibu alimuuliza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto hesabu. "Watano. Tumeshaipeleka orodha. Sindano ni wa akiba, na bado mdogo, nafasi zitakuja. Ila usiwaambie leo. Waache wafurahi, kesho tutawaandikia barua." Akainua mikono yote miwili usawa wa mabega. "Hebu nipime kabisa, nina kikao."

Futi ilikuwa shingoni mwa Mama Sare. Aliishusha, akaivingirisha taratibu kwenye vidole vilivyojaa matundu ya sindano, akaitia kwenye mkoba. Kisha akaondoka, akamwacha Katibu amesimama na mikono imetanda.

Ndani ya basi walikuwa wanaimba, wote kumi na wawili, wakipiga viti kwa viganja. Dada wa benki alikuwa amenyoosha mguu wenye barafu mapajani mwa Mnara. Sindano alimwona mama yake akipanda ngazi, akasogea ampishe nafasi.

"Mama! Njoo ukae hapa! Tunaenda fainali!"

Hakukaa. Alishika chuma cha kiti cha mbele kwa mikono miwili. Kupitia dirishani alimwona Katibu anakuja upesi, akipunga mkono, akitikisa kichwa kumkataza.

"Funga mlango," alimwambia dereva. Kisha akawageukia wasichana. "Wanangu, nyamazeni kidogo. Kuna jambo lenu hapa, na mtalisikia leo."